Ngazi ya Jory Tangye

Kaeni hapa, Denzil upande huu, na wewe Loveday upande wa sikio langu zima, mniache niseme mpaka mwisho bila kunikatiza, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kugombania. Akili yangu ni timamu. Daktari aliponiambia jana kwamba moyo umechoka nilimjibu asinipe habari za moyo wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine, akacheka, akafunga mkoba wake, akaenda zake. Basi mimi, Zacky Nance, mtoto wa wachimba bati wa Cornwall, mwenye duka wa korongo hili la Larkspur tangu Montana haijawa jimbo, nasema haya mchana kweupe, kitandani mwangu, kwa hiari yangu, na mtakayoyasikia ndiyo nitakayotaka yatendeke.

Ndugu yenu Hedley nimemtuma. Mnajua nimemtuma, ila hamjui kwa nini, na tangu asubuhi mnanong'ona jikoni mkidhani sisikii. Amekwenda na gari la theluji ng'ambo ya mlima kumleta Jory Tangye. Ndiyo, Denzil, Jory yuleyule. Usikunje uso, utazeeka kabla yangu. Mmekua mkijua kwamba mtu wa kwao na mtu wa kwetu hawasalimiani, na kwamba mama yenu alipokutana na mke wa Tangye kanisani kila mmoja alitazama dirisha lake. Leo nataka mjue chanzo, kwa sababu urithi wenu umefungwa humo humo.

Mali kwanza, maana najua mnaiwaza, na si aibu kuiwaza. Duka la chini ni la Denzil, na bidhaa zake, na mizani yake, na wateja wake wasiolipa, ambao nakuagiza usiwafukuze wakati wa baridi. Nyumba hii ya nyuma ninamofia, pamoja na bustani na ng'ombe na malisho ya kando ya kijito, ni vya Loveday na watoto wake, na asitokee mtu akasema mjane hawezi kukaa peke yake, kwa kuwa tangu mgodi ummeze mumewe amekaa peke yake na hajatuomba hata yai. Farasi na gari la theluji ni vya Hedley. Mpeni pia hisa zangu zote za mgodi wa Prosper, ambazo hazijawahi kuzaa chochote isipokuwa kelele. Abandike ukutani zizuie upepo.

Lakini orofa iliyo juu ya duka si yangu, na haiwezi kuwa yenu. Msingi ni wetu, paa ni la Ndugu wa Taa, chama chetu. Ndivyo tulivyokubaliana siku tulipoinua gogo la kwanza, na ndivyo itakavyokuwa. Nimekuona, Denzil, tangu masika unaipima orofa ile kwa macho, ukiwaza makabati na vitanda vya kuuza. Nilikuomba uingie chamani, ukaniambia hayo ni mambo ya wazee wanaovaa tepe shingoni na kugonga gonga sakafu. Nilimwomba Hedley, akasema atafikiri, naye anafikiri mpaka leo. Vijana wengine wa hapa wana umoja wao wa wachimbaji na uwanja wao wa mpira, siwalaumu. Lakini kanuni yetu ni moja tu na ni ngumu: pungufu ya watu watano, tawi halifunguliwi. Wanne wako chini hivi sasa, wanakunywa kahawa yako kando ya jiko, tepe zao zimo mifukoni. Wa tano ni mimi.

Mmeelewa sasa? Nikikata roho kabla hatujaingiza ndugu mwingine, hati yetu inarudi makao makuu, orofa inauzwa kwa atakayetoa zaidi, na kilima cha makaburi kinakuwa cha nani, hata sijui. Na zile kuni, Loveday. Majira ya baridi yale ya kwanza ya ujane wako, ulipokuwa ukiamka na kukuta kuni zimepasuliwa na kupangwa mlangoni, ukadhani ni mimi. Sikuwa mimi. Mimi nilikuwa nimelala. Walikuwa wao. Kwa hiyo leo nina kazi moja, nayo ni kutokufa mpaka Jory afike. Na akifika, akubali. Hilo la kwanza naliweza. Hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi.

Nipe maji kidogo. Basi.

Tulipokuja hapa korongo hili lilikuwa matope na mahema na wanaume wanaotazamana kwa pembe ya jicho. Kila mtu alikuwa na kitalu chake cha dhahabu na bunduki ya kukilinda, na mtu akisema habari za asubuhi ulijiuliza anataka nini. Mimi na Jory tulishirikiana kitalu kimoja, hema moja, sufuria moja. Alikuwa seremala, mkubwa wa mwili, na kupika hakukujua kabisa. Alitengeneza mikate ya nyama na viazi migumu kiasi kwamba Kapteni Kitto, msimamizi wa wachimbaji, alisema anaweza kuipasulia mwamba. Tulicheka sana siku zile. Nasema wazi, sijawahi kumpenda mwanamume mwingine kama ndugu yangu jinsi nilivyompenda yule.

Majira ya baridi ya kwanza mgeni mmoja akafa kwa homa kwenye hema la mwisho. Hakuna aliyejua jina lake. Kitto alipokwenda kumvisha sanda akakuta chini ya shati lake taa ndogo ya shaba, imeshonewa kwenye kitambaa, na yeye alikuwa nayo kama hiyo. Akapigilia ubao kwenye mti: aliyewahi kuwashiwa taa, huko alikotoka, aje kibandani kwangu tumzike mwenzetu. Alidhani watakuja watatu, labda wanne. Wanangu, kibanda hakikutosha. Ilibidi watoke wasimame kwenye theluji, na kila aliyefika alikuwa akiwatazama wengine kwa mshangao. Bosanko, aliyenihamishia mkondo wa maji usiku nikamtishia bunduki, alikuwa amesimama pale kofia mkononi. Nikamwambia, "Na wewe?" Akaniambia, "Na wewe je, kichwa kigumu? Ungesema mapema ningekuibia kwa adabu." Tulimzika yule mgeni, kila mmoja akamtupia kitawi cha msonobari, tukarudi, na tangu siku ile ukipata homa kulikuwa na mtu wa kukaa nawe. Kabla ya hapo hapakuwa na sheria hapa, wala hakimu, wala kanisa. Watu husema korongo hili lilijengwa na dhahabu. Waongo. Dhahabu iliondoka ndani ya miaka michache. Sisi ndio tuliobaki.

Jory hakuwa ndugu wakati ule. Siku ya mazishi alisimama mbali, chini ya miti, akitazama. Jioni akaniuliza, "Hivi mtu akitaka kuingia hufanyaje?" Nikamwambia huomba. Akasema, "Basi nitaomba, ila kwanza wacha nifanye kitu, nisije mikono mitupu." Hati ya tawi ilipofika tukaanza kujenga, duka langu chini, ukumbi wa Ndugu juu, na Jory ndiye aliyechonga karibu kila kitu, bila malipo, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya. Ngazi ile ya nje aliijenga peke yake. Mmeipanda na kushuka maisha yenu yote mkicheza, na mama yenu akiwafukuza. Hakuna ubao wake hata mmoja uliolegea.

Sasa ikafika zamu ya ombi lake. Kura zetu ni za siri, na ni za wote: jiwe jeusi moja tu, la kukataa, likionekana, mwombaji amekataliwa, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza nani, wala kusema si mimi, maana wote wakisema si mimi, yule mmoja atakuwa amefichuliwa. Kanuni hiyo inafunga mdomo wa mtu maadamu yu hai. Miji mingine ilikuwa na gololi za pembe za ndovu. Sisi tulikuwa na magunia ya dukani kwangu. Jeupe, la kukubali, lilikuwa haragwe, jeusi punje ya kahawa iliyokaangwa, na sanduku la kura alilipigilia Bosanko kwa mbao za sanduku la sabuni, akajivuna nalo kuliko mke wake. Kura tuliyopiga kabla ya ile ya Jory ilikuwa ya mcheza kamari mmoja, na huyo tulimjazia kahawa ya kutosha kifungua kinywa. Tukalimimina sanduku, tukaanza na Jory. Tukapita mmoja mmoja. Kitto akavuta kidroo akatazama, nikaona uso wake unabadilika. Akasukuma kidroo, akasema, "Si safi." Hakuhesabu. Haturuhusiwi kuhesabu jeusi likishaonekana.

Jory alikuwa anangoja chini, kwenye ngazi yake mwenyewe, amechana nywele. Nani apelekwe kumwambia? Mimi, mwenzake. Nikashuka. Akaniona, akasimama, anatabasamu. Nikasema, "Jory, hukukubaliwa." Akadhani namtania. Kisha akaona simtanii. Akaniuliza, "Nani?" Nikamwambia siwezi kusema. Wiki ile tulikuwa tumegombana juu ya punda, niliyemuuza bila kumuuliza, jambo la kijinga, tulikuwa tumeshapatana. Lakini nikaona macho yake yanakwenda kwa yule punda. Akasema, "Sema tu si wewe, Zacky. Sema hilo moja, mimi nitaenda zangu." Na mimi nilikuwa nimeapa. Nikanyamaza. Akasema, "Nimewajengea ngazi, na nyinyi mnaniambia niishie chini." Akachukua msumeno wake akaondoka korongoni, akaanza shamba la ng'ombe ng'ambo ya mlima, na hajakanyaga mtaa huu tena isipokuwa kwenda kanisani na kuzika watoto wake.

Usilie, Loveday, bado sijafika. Ndiyo, ningeweza kusema. Neno moja. Mama yenu alinisihi nikivunje kiapo, akaniita mkaidi, akaninyima keki ya zafarani Krismasi nzima. Lakini mtu aliyeapa na kisha akachagua siku ya kutengua kiapo, huyo hata mlinzi wa mbwa hafai kuwa. Nilisema sitasema, na sikusema. Sioni haya. Naona uchungu tu, na uchungu si haya.

Sikilizeni hili sasa, kwa sababu hapa ndipo palipo na ajabu. Kanuni inamfunga aliye hai. Anayekufa imemwacha. Bosanko ndiye alikuwa wa kwanza, mgodi ulimvunja mgongo, nikakaa naye, akaniambia, "Zacky, ile kura ya Tangye. Mimi nilitia haragwe." Nikasema vema, pumzika. Ikapita miaka, Kitto akaugua mapafu, akanivuta sikio: "Mimi nilitia haragwe. Nimekuwa nikikudhania wewe." Fikirini! Mwenyekiti wangu alinidhania mimi, na mimi nilimdhania yeye. Na hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, sijawahi kuwauliza, kila aliyekuwa ukumbini siku ile alipofika kwenye mwisho wake aliniita au aliniachia neno, na neno lilikuwa lilelile. Haragwe. Nikawa kila nikizika mtu nabakiwa na wachache wa kuwashuku, mpaka wa siku ile tukabaki mimi na Gundry, maana wale watatu wengine waliingia baadaye. Gundry kiziwi yule aliye chini. Kwaresima iliyopita aliposhikwa na kichomi, akadhani amekwisha, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Nilitia haragwe!" Kisha mwendawazimu yule akapona.

Basi nani alitia kahawa? Nilikaa na jambo hilo majira yote ya joto. Mwisho nikapanda ukumbini, nikalitoa lile sanduku la sabuni kabatini, ambalo tuliliacha tulipopata gololi za kweli, nikaligeuza, nikalipiga kofi chini. Hakuna kitu. Nikalipiga tena kwa nyundo. Kutoka kwenye ufa, pale Bosanko alipounga mbao zake mbili vibaya, ikaanguka punje ya kahawa. Halafu ya pili. Kahawa za yule mcheza kamari, wanangu, zimekwama humo tangu wakati ule! Na moja iliyokuwa mwenzao ilijing'oa kwenye kura ya Jory. Hakuna aliyemkataa. Hakuna hata mmoja. Ukumbi mzima ulimtaka, na ukumbi mzima ukala kiapo cha kutomwambia. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na baada ya kucheka mnajua wenyewe, niliinama nikalia.

Tusogee. Pumzi hii inaanza kuniishia. Niinue kidogo, Denzil. Hivyo.

Kwa desturi yetu ombi lililokataliwa hulala, halifi. Ombi jipya hungoja miezi, lakini la Jory limeshangoja miaka ya kutosha. Jumapili mlipokwenda kanisani, wale wanne walikuja hapa, wakasimama kuzunguka kitanda hiki, Gundry akapiga hodi tatu kwenye ubao wa miguu, tukapiga kura. Kwa gololi. Tulihesabu mara mbili. Safi. Kwa hiyo tunamngoja tu mwenyewe, na Hedley hakuambiwa aseme lolote zaidi ya hili: Zacky anakufa, anakuita. Kama Jory ananichukia bado, hatakuja. Kama ananichukia kidogo tu, atakuja kuniona nikifa. Yote mawili namruhusu, ila namwomba Mungu iwe la pili.

Sasa maagizo, haraka. Jeneza langu liwe la msonobari, la kawaida, usinipe lile la mpini wa fedha ulilolileta dukani likakosa mnunuzi. Nilazwe kando ya Tamsin, mama yenu, upande wa kushoto, ndiko nilikokuwa nalala. Denzil, waachie Ndugu orofa yao, usiwadai kodi hata senti, kama nilivyofanya mimi, na usiwasumbue juu ya kelele. Loveday, nyumba yako isipungue kuni za mtu mwingine anayehitaji. Hedley mwambieni... mwambieni afikiri haraka zaidi. Msigombane. Mkigombana, mgombane mezani, mkiwa na chakula mbele yenu, ili mdomo upate kazi nyingine.

Ile ni kengele ya farasi? Si upepo? Tazama dirishani. Wangapi kwenye gari? Loveday, nijibu, ni wangapi?

Wawili.

Ah.

Mwacheni apande mwenyewe. Msimshike mkono, hatapenda... Jory. Ingia. Umekuwa mzee vibaya, rafiki yangu. Hapana, kaa, usisimame kofia mkononi kama sijui nini. Siwezi kusema kwa nguvu, inama. Mimi nilitia haragwe. Umesikia? Na Kitto. Na Bosanko. Wote. Kulikuwa na... kulikuwa na ufa kwenye sanduku. Gundry atakueleza, kwa sauti kubwa utachoka mwenyewe. Hatukukukataa, Jory. Hatukukukataa kamwe. Tunakuomba leo uingie, na kama hutaki, sema, maana nina dakika chache na siwezi kuzipoteza kwa heshima.

Anasema nini? Sikio hili... Loveday, amesema nini?

Anasema tulichelewa.

Ni kweli. Tulichelewa. Na nini tena? Anavua koti? Anavua koti. Basi ndiyo hiyo. Denzil, waite wale wazee, wapande, Gundry aje na taa. Upesi, mwanangu. Upesi sana.

Wanangu, mnajua desturi. Taa ikiwashwa, asiye ndugu hutoka. Hapana, Loveday. Najua. Nami ningependa mkono wako uwe wa mwisho nitakaoushika, ningependa kuliko unavyojua. Lakini huyu amengoja nje ya mlango ujana wake wote kwa sababu yetu, na wewe nitakuomba ungoje kidogo tu. Njoo nikubusu. Wewe pia, Denzil, uinamishe kichwa hicho kikubwa. Mungu awape meza iliyojaa na mlango unaofunguka. Awape watu wa kukaa nanyi mkiugua, na nyinyi awape nguvu za kukaa nao. Mmenifurahisha. Kila siku, hata mliponikasirisha.

Sasa tokeni. Mfunge mlango... na msisikilize kwenye tundu la ufunguo. Jory, lete mkono. Gundry... washa.